Chai imekatika: visima vya Shela vinaingia chumvi, tuongee

FundiBomba_Shela:

Assalaam aleikum wadau wa Amu, yaani Lamu, na vitongoji vyake. Uzi mrefu huu mnivumilie, umeme umekatika na simu iko asilimia 30 kwa hiyo nikikatikia katikati mjue nitarudi kesho.

Juzi mamangu kateleka chai ya maziwa kama kawaida yake, maziwa yakakatika. Akamtupia lawama mwenye maziwa. Kesho yake maziwa mengine, ng'ombe mwengine, mwenyewe mwengine, yakakatika tena. Nikachukua kata nikayaonja maji ya kisima chetu peke yake, na hapo ndo nikajua yule wa maziwa tumemuonea bure. Si chumvi ya kutema, la, ni ile ya nyuma ya ulimi inayokuja umeshameza. Kisima hiki alichimba babu wa babangu, na tangu niko mdogo naona watu wakitoka mitaa mingine kuja kuteka hapa, mamangu alikuwa akijidai nacho kushinda hata dhahabu zake.

Masika ya mwaka huu hayakuwa mabaya, sasa sitaki mtu aniambie ni ukame. Nauliza hivi, kwenu vipi? Shela, Mkomani, Langoni, Kashmir, kuna mwengine aliyefikwa? Na kama yupo mwenye kuelewa mambo ya ardhini aje atueleze kwa Kiswahili cha watu, manake mimi najua bomba, linakotoka hilo bomba sijawahi kusoma.

Bint_Mkomani:

Waaleikum salaam. Mimi nilidhani ni mdomo wangu tu umeharibika na dawa za presha 😅 Ya kwetu hayajakatisha maziwa lakini sabuni haitoi povu, nafua kanzu mbili nimemaliza kipande kizima. Mume ananiambia nabadhiri. Sasa nitamuonyesha uzi huu.

Ploti_Safi:

Mnaanza tena. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli watu wanalia chumvi, mvua ikija kimya. Nunueni maji ya chupa, dunia imeendelea.

FundiBomba_Shela:

@Ploti_Safi ndugu yangu nikupikie na wali kwa maji ya chupa? Na punda nimuogeshe kwa maji ya chupa?

MwalimuWaJiografia:

Naomba nafasi. Nilisomesha hii mada miaka mingi kabla sijastaafu na sikuwahi kupata darasa linaloisikiliza, leo nimelipata.

Kisiwa chetu hakina mto wala ziwa. Maji tunayokunywa mji mzima, kuanzia Shela mpaka mwisho wa Langoni, yanatoka chini ya vilima vya mchanga vile mnavyoviona nyuma ya Shela vinavyokwenda na ufuo upande wa Kipungani. Mvua ikinyesha juu ya mchanga haipati pa kukimbilia, inazama. Inashuka mpaka inakutana na maji ya bahari ambayo nayo yamepenya chini ya kisiwa kutoka kila upande. Maji matamu ni mepesi kwa hiyo hayazami zaidi, yanaelea juu ya yale ya chumvi, mfano wa mafuta ya nazi juu ya mchuzi, ila mafuta na mchuzi havipatani kamwe na haya mawili ukiyavuruga yanapatana vizuri sana, na hiyo ndiyo shida.

Sasa sikilizeni hesabu. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa gramu 1,000, ya bahari kama 1,025. Tofauti ndogo. Lakini kwa sababu ya udogo huo, kila mita 1 ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari inakuwa na kama mita 40 nyengine za maji matamu chini ya usawa huo. Ndiyo sababu kisiwa kidogo kinaweza kulisha mji. Geuzeni hesabu sasa: mkishusha mita 1 juu, hatimaye mmepoteza 40 chini. Na haitokei hapo kwa hapo, chumvi inapanda polepole, kwa miaka. Anayevuta leo anakunywa tamu, ladha anaikuta mwanawe.

Jambo la pili ni namna ya kuvuta. Ndoo na kamba inachota juujuu, inagusa yale ya juu kabisa, ukimaliza kisima kinatulia mpaka mwengine aje. Pampu inavuta pahali pamoja kwa nguvu saa nne mfululizo, na chini ya hapo ile chumvi inanyanyuka kama kichuguu kuufuata mpira wa pampu. Ukiona kisima kimeingia chumvi ghafla huku cha jirani hatua ishirini bado kitamu, hicho ni kichuguu. Zima pampu, uombe Mungu kishuke, huchukua muda mrefu kushuka kuliko kilivyopanda.

Na la tatu, kosa ninalolisikia kila siku: "maji yamekuwa mabaya, tuchimbe zaidi." Bara ni sawa. Kwetu ukichimba zaidi ndo unaifuata chumvi nyumbani kwake.

Bint_Mkomani:

Mwalimu laiti ungenisomesha wewe nisingeacha jiografia 😭

NahodhaMdogo:

Shukran mwalimu umefafanua. Ila mimi niseme jambo ambalo litaniletea maadui. Kila uzi wa mazingira hapa mwisho wake ni mahoteli, mahoteli, wazungu, wazungu. Mimi nina jahazi, napeleka wageni Manda Toto na Kipungani, watoto watatu wanasoma kwa hilo jahazi. Mgeni anataka kuoga akitoka baharini, hilo ndilo analolipia. Mkifunga mabomba ya vila mnafunga na mimi. Nani kati yenu atanilipia karo? Na hao vila si walikuja na ngalawa wakaiba ardhi, waliuziwa, na waliouza tunawajua na walishakwenda hija na hizo pesa.

Ploti_Safi:

Huyu ndo mwanamume. Mchanga ule miaka yote ulikuwa umekaa bure, haumei muhogo wala mnazi, leo una thamani watu wana wivu.

MwalimuWaJiografia:

@Ploti_Safi haumei muhogo kwa sababu unamea maji.

Na vilima vile vilishatangazwa rasmi na serikali kuwa eneo la chanzo cha maji linalolindwa, si mchanga wa kutafutiwa mwenyewe. Unalijua hilo vizuri kushinda mimi.

Ploti_Safi:

Mimi nauza ploti zilizo na karatasi.

Bint_Mkomani:

Karatasi nazo siku hizi zinaelea kama maji matamu

Kijana_Faza:

Salamu kutoka Pate kisiwani. Niseme ukweli nikisoma uzi huu nacheka na kusikitika pamoja. Watu wa Amu na Shela miaka yote mkija kwetu mlikuwa mnatucheka kwa jabia zetu, ati watu wa Faza wanakunywa maji ya mvua yaliyolala na vyura. Haya karibuni.

Kwa wasiojua, jabia ni sakafu kubwa ya chokaa au saruji imeinamishwa kidogo, mvua inaipiga inateremka inaingia kwenye birika kubwa lililochimbwa pembeni. Kwetu ukitembea na viatu juu ya ile sakafu utafokewa na mtoto wa miaka saba. Mbuzi akipita juu yake ni kesi. Unajua kwa nini? Sababu tunayaona. Mwezi wa pili ukichungulia ndani unaona kabisa yamebaki kiasi gani na masika bado mbali, kwa hiyo mtu anajua mitungi yake mingapi bila kuambiwa. Nyinyi birika lenu liko chini ya mchanga hamlioni mkadhani halina mwisho. Maji ya kifuu bahari ya chungu.

FundiBomba_Shela:

@Kijana_Faza tumekusikia, tusamehe kwa vyura.

Sasa wacha nami nitoe la moyoni, nimesoma ile ya mwalimu ya kichuguu mara tatu na usingizi umeniruka.

Pampu nyingi za mtaa wetu nimefunga mimi. Si moja si mbili. Kuna vila moja, siitaji na msinifuate inbox, miaka minne nyuma mwenyewe alinipigia simu akiwa kwao akaniambia maji yamepungua nguvu. Nikaenda nikakuta maji yameshuka yako chini ya mpira. Nikafanya nini? Nikaongeza mpira mita tatu. Maji yakaja, akafurahi, kanilipa kwa simu siku ile ile na bakshishi juu. Mwaka uliofuata tena, nikaongeza tena. Hakuna aliyenifundisha vibaya, ndo ufundi wenyewe ulivyo, maji yakishuka unayafuata. Na kisima chetu kiko chini yake, kama mita mia hivi kuelekea baharini.

Kwa hiyo maziwa ya mamangu nimeyakatisha mimi. Na simu hii ninayoandikia nilinunua kwa ile bakshishi.

Bint_Mkomani:

Subhanallah. Kaka umesema kitu kikubwa hapa na watu wazima hawakisemi.

NahodhaMdogo:

Fundi pole bwana. Usijibebeshe yote, hata wewe ungekataa angeitwa fundi mwengine wa Malindi.

Malindi_Tu:

Nimeitwa 😂 Mafundi wa Malindi tuko hapa na hatuna hatia.

Nichangie kidogo. Sisi pia tunakunywa mchanga, tofauti ni mchanga wa mto. Maji ya Malindi yanatoka Baricho, visima vimechimbwa kwenye mchanga wa mto Sabaki, ule ule unaoitwa Athi huko juu na Galana ukipita Tsavo. Na maji yale yale ya Baricho yanasukumwa yanakwenda mpaka Kilifi na Mombasa. Kwa hiyo uhai wetu uko mkononi mwa watu wa bara tusiowajua, wakikata miti juu huko udongo unakuja, ndo maana bahari yetu mwezi wa mvua inakuwa rangi ya chai ya maziwa (isiyokatika). Nyinyi wa Amu ingawa ni wachache mna bahati moja, mvua yenu inanyesha kwenu, inazama kwenu, mnakunywa wenyewe. Hamna wa kumlaumu juu ya mto. Sijui kama ni bahati au ni balaa.

Bint_Mkomani:

@Malindi_Tu hapo umegusa. Mimi nakumbuka mwaka 2019 mwezi wa sita, ile siku mahakama ya mazingira ilipofuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, megawati 1,050, watu walilia kwa furaha. Miaka tulikuwa tunaandamana, mabango, fulana, wazee wanasoma dua. Na tulikuwa na haki, hata mahakama yenyewe ilisema wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Lakini kumkataa mgeni na moshi wake ni rahisi, unajua adui yuko wapi, ana jina, ana bango. Sasa hii ya kisima adui ni fundi wetu, broka wetu, nahodha wetu, na mimi hapa ambaye nimeacha bomba la bustani linamwagilia asumini tangu asubuhi na ndo nakumbuka saa hii. Ngoja nikafunge.

Bint_Mkomani:

Nimefunga.

NahodhaMdogo:

Sasa mimi pia ni adui? Sawa tu.

MwalimuWaJiografia:

Nahodha hakuna anayesema mgeni asioge. Mtu kuoga ni kitu kidogo. Wacha nikupe hesabu ya kitu kikubwa. Bwawa la kuogelea la wastani, mita 10 kwa 5, kina mita moja na nusu. Hiyo ni lita 75,000. Mtungi wa lita 20 ni mitungi 3,750. Punda akibeba mitungi minne ni safari kama 940. Kwa bwawa moja kujaa mara moja. Halafu jua letu na upepo wa kusi linakunywa pale juu, weka milimita 5 tu kwa siku, ni lita 250 kila siku zinapotea hewani mtu hata hajaloa mguu. Mitungi kumi na mbili na nusu. Na bahari iko hatua hamsini mbele ya hilo bwawa, kubwa, bure, na chumvi yake haimdhuru muogeleaji.

NahodhaMdogo:

Safari 940 za punda 😳 hapo umenimaliza. Mgeni mwenyewe nikimpeleka Manda anajitosa baharini siku nzima, kwenye bwawa anapiga picha tu.

Ploti_Safi:

Bwawa linaweza kujazwa maji ya bahari. Mashine ya kuchuja chumvi nayo ipo siku hizi, kila mwenye vila anunue yake mambo yaishe. Mnapenda kulia tu teknolojia ipo.

MwalimuWaJiografia:

Bwawa la maji ya bahari naliunga mkono mia kwa mia, tuandikie wateja wako.

Mashine ya kuchuja ni msaada kwa mahali pasipo na njia nyengine, sina ubaya nayo. Lakini ielewe: inasukuma maji ya bahari kupita kwenye utando mwembamba kwa nguvu kama mara 60 ya mgandamizo wa hewa, umeme wake si mchezo, na kwa kila ndoo tamu unayopata inabaki kama ndoo nyengine yenye chumvi mara mbili. Hiyo unaimwaga wapi? Ukiimwaga kwenye mkondo wa Shela na Manda, pale wavuvi wanapovua, umehamisha ugomvi kutoka kwa fundi ukampa mvuvi.

Babu_na_Mjukuu:

Assalaam aleikum. Mimi ni mjukuu, naandika anavyosema babu, yuko hapa barazani ananiambia andika vile vile usinipambe.

Babu anasema: Wanangu, mnauliza mji hufaje. Vukeni mkondo muende Takwa, kule Manda. Ni karibu, kwa mashua bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ikijaa mnaingia mpaka ndani ya mikoko. Mji ule ulikuwa na ukuta, majumba ya mawe, msikiti wa ijumaa wenye mnara juu ya kibla, na kaburi la mnara lina mwaka umeandikwa, 1094 wa Hijra, kwa Kizungu inakuwa 1683 hivi. Baadaye watu wakahama wote. Wengine husema ni vita na Pate, wengine husema mai ya visima yaliingia munyu. Mimi niliambiwa na wakubwa zangu kwamba ni mai, na kwamba watu wale walivuka wakaja hapa Shela. Sisi ndio wao. Ndiyo sababu watu wa Shela huenda kule kaburini kuomba mvua mpaka leo. Tunarudi kuomba mai pale pale yalipotukimbia.

Na nyumba zetu za kale, bwana fundi, bomba halikuwako. Kulikuwa na birika chooni, ndani yake samaki wadogo wa kula wana wa mbu, na tini kabisa limepachikwa bakuli la kaure ili mai yakiisha samaki wapate pa kukaa. Mtu anayelijenga birika lake akamfikiria samaki siku ya ukavu, huyo hawezi kuacha mfereji wazi.

(Hapa babu amekasirika kidogo.) Leo mtu anaoga kwa mvua ya bomba dakika ishirini anaimba.

Haya amenyamaza, anataka tambuu.

Bint_Mkomani:

Mpe salamu nyingi babu. "Tunarudi kuomba mai pale pale yalipotukimbia" nimeisoma kwa sauti, nyumba nzima imenyamaza.

Kijana_Faza:

Samaki kwenye bakuli 🙌 na nyinyi mlikuwa mnatucheka vyura.

Malindi_Tu:

Katiba ya 2010 kifungu cha 42 kinasema mazingira yalindwe kwa faida ya vizazi vya sasa na vijavyo, na cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Na sheria ya maji ya 2016 inataka kibali kabla ya kuchimba kisima cha kuvuta kwa mashine. Mmeshapeleka malalamiko popote?

FundiBomba_Shela:

Nilikwenda ofisi moja wiki iliyopita, nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaulizwa ushahidi uko wapi kwamba maji yameshuka, yalikuwa wapi mwanzo na yako wapi sasa. Nikanyamaza. Fundi wa miaka kumi na minne sina hata namba moja niliyoandika, naongeza mpira naondoka. Nilitoka pale na aibu kushinda hasira, manake yule kijana aliniuliza swali la haki.

Kwa hiyo nina ombi, na hili ndilo nililofungulia uzi ingawa sikujua wakati ule. Tupime. Kila mwenye kisima, cha nyumba au cha msikiti, achukue kamba afunge kitu kizito mwishoni, ashushe mpaka kiguse maji, aweke alama kwenye mdomo wa kisima, apime kamba, aandike hapa. Kila mwezi. Na aonje, aandike tamu, chumvichumvi, au ya kutema. Mwaka mmoja tukirudi pale ofisini tuna karatasi.

Ploti_Safi:

Na wenye vila nao watapima?

FundiBomba_Shela:

Za vila nitapima mimi, funguo za vyumba vya pampu ninazo. Nimeshawaandikia wenyewe watatu, wawili wamekubali, mmoja ameniuliza kama tunaweza kubadilisha bwawa lake liwe la maji ya bahari, nikamwambia vifaa vitakula kutu haraka itabidi bomba za plastiki kila mahali, kasema sawa piga hesabu. Yule wa mita tatu hajajibu.

MwalimuWaJiografia:

Wazo zuri sana fundi. Pimeni asubuhi kabla mtu hajateka, kisima kikiwa kimelala usiku kucha, la sivyo mtapima uchotaji wa jirani.

NahodhaMdogo:

Hapo hapo mwalimu, na mimi nitie langu manake hili ni la baharini. Mkipima ovyo mtaandika uongo. Kisima kilicho karibu na ufuo kinapanda na kushuka na maji ya bahari, bibi yangu alikuwa anajua maji yamejaa kwa kuchungulia kisima bila kutoka nje. Mtu akipima siku ya bamvua maji yamejaa, mwezi ujao akapima maji yamekupwa, ataona kisima kimekauka na hakijakauka. Pimeni siku za maji mafu, wakati bahari haichezi sana. Tarehe saba na tarehe ishirini na mbili za mwezi wa Kiislamu, au siku inayofuata. Chagueni moja mkae nayo. Nitawakumbusha hapa, kalenda ya maji ninayo kichwani.

MwalimuWaJiografia:

Nahodha, miaka thelathini na moja ya kusomesha hili sikuwahi kuliwaza. Nimeandika.

NahodhaMdogo:

Adui amesaidia 😄

Kijana_Faza:

Na sisi jabia zetu tutapima kwa kushindana tu. Hakuna bamvua huku.

Bint_Mkomani:

Vipimo viwe vya nini, mita au vya kale? Mume ana futi ya fundi nguo imekatika mwanzo inaanzia namba nne.

FundiBomba_Shela:

Mita kwa wenye mita. Wasio nayo watumie pima (mikono miwili imenyooshwa) na shibiri (kiganja kimetanuliwa), nitageuza mimi, pima moja naihesabu mita 1 na senti 80 ingawa mikono ya watu si sawa. Lakini anayepima awe yule yule kila mwezi.

Haya naanza. Leo ni mwezi ishirini na mbili, nimepima baada ya alfajiri. Kisima chetu: mita 4 na senti 35. Chumvichumvi. Mama kasema niandike pia kwamba chai anapika ya rangi tu.

Bint_Mkomani:

Mkomani, kisima cha uani: mita 3 na senti 90 (nimetoa zile nne za futi). Tamu lakini sabuni bado haitoi povu.

Babu_na_Mjukuu:

Babu kapima mwenyewe kakataa kusaidiwa. Kisima cha msikiti: pima mbili na shibiri mbili. Tamu. Kisima cha nyuma ya nyumba ya marehemu dadake, kilichofunikwa miaka: pima mbili na shibiri tatu. Ameonja akatema, akanirudishia kata bila kusema neno.

Malindi_Tu:

Nafuatilia uzi huu kila mwezi nikiwa hai. Kwani kamba gani mnatumia? Nauliza manake bibi yangu hapa naye ana kisima na tumeona ya katani ikirowa inafupika.

FundiBomba_Shela:

Nailoni. Hata ya kuanikia nguo inatosha, ila muulize mwenye nguo kwanza, mimi sikuuliza na sasa kanzu za babangu ziko juu ya paa la jirani.